Mama Nesi Anajibu: Mtoto ana Down, acheni kutafuta mchawi, mpimeni moyo

Mwezi huu barua za watoto wenye Down, ile hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa mwili na akili, zimekuja nyingi mpaka nimeamua ukurasa wote niwape hao, za presha na vidonda vya tumbo mtanisamehe zitasubiri. Miaka yangu mingi nimekaa wodi ya watoto huku huku kusini kwahiyo nayajibu kama nilivyoyaona, na pale kitabu kinapotakiwa nimefungua kitabu.

Shikamoo Mama Nesi. Nakaa Uyole, nina miaka 24, mtoto wangu wa kwanza ana miezi miwili. Nesi wa kliniki alimwangalia macho na kiganja akaniambia mwanao ana Down, sikuelewa nikaenda kuwaambia nyumbani, sasa mama mkwe anasema kwao hakuna mtoto wa hivyo, mara nilimcheka mlemavu nikiwa na mimba, mara ni sindano za uzazi wa mpango nilizochoma, na mume wangu kanyamaza tu hasemi kitu. Mtoto ananyonya kidogo anachoka analala, halafu ni mlegevu mno. Naomba nijue nilikosea wapi.

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kujifungua, sijui kama kuna mtu alikupa hiyo hongera.

Nianze na hilo la mwisho manake naona ndio linakunyima usingizi. Hujakosea popote. Sio kicheko, sio sindano, sio chakula, sio mkosi wa kwenu wala wa kwa mumeo. Unazijua zile pea za viatu vya mtumba pale Mwanjelwa, wanafunga kamba kiatu na mwenzake visipoteane? Sasa kila seli ya mwili wa mtu ina pea 23 za vitu vinaitwa kromosomu, jumla 46, ndio zimebeba jeni, yani maelekezo yote ya kujenga mwili kuanzia rangi ya ngozi mpaka moyo na ubongo, na zimepewa namba. Yai la mama linapoiva kila pea inatakiwa ifunguliwe, kiatu kimoja kibaki ndani ya yai kingine kitoke, yai libaki na 23. Mbegu ya baba nayo inabeba 23, zikikutana tunapata 46 za mtoto. Kwa mwanao pea namba 21 haikuachana, viatu vyote viwili vimeingia kwenye yai, baba akaleta cha tatu, hesabu ikawa 47. Karibu watoto 95 kati ya 100 wenye Down wamepata kwa njia hiyo. Ona sasa hilo lilitokea lini, kabla hata mimba haijatungwa, kwahiyo hata kama kweli ungemcheka mtu mimba ikiwa ya miezi sita, kromosomu za mtoto zilishajipanga zamani.

Na hayo mayai hukuyatengeneza ukubwani. Yalianza kujipanga wewe ukiwa tumboni kwa mama yako, kila pea imefungwa inasubiri zamu yake miaka 20, 30, 40. Ndio maana umri wa mama una nafasi yake, kamba zikikaa sana zinachakaa na mgawanyo unakosea. Mama wa miaka 20 ni mtoto 1 kati ya 1,500 hivi, wa 30 ni 1 kati ya 900, wa 35 ni 1 kati ya 350, wa 40 ni 1 kati ya 100, na wa 45 ni 1 kati ya 30. Usisome hizo namba ukajiona wa ajabu na miaka yako 24, mabinti ndio wanaozaa kwa wingi kwahiyo watoto wengi wenye Down mama zao ni vijana kama wewe. Kosa linaweza kutoka kwenye mbegu ya baba pia ila mara 9 kati ya 10 linakuwa kwenye yai, na mama mkwe akisoma hapa namuomba asiibebe hiyo namba kwenda nayo jikoni kama ushahidi. Hakuna mwanamke anayeligawanya yai lake kwa mikono.

Jina pia watu wanalisikia vibaya, wanadhani maana yake ni mtoto wa chini. Ni jina la daktari wa Uingereza, John Langdon Down, ndiye aliyewaandika watoto hawa mwaka 1866, sababu hakuijua. Sababu ilipatikana Paris, ikachapishwa mwaka 1959 na Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin, walihesabu kromosomu kwenye seli za watoto wakakuta 47. Jibu tunalo tangu 1959 na bado leo kuna binti anawekwa kikao sebuleni kwao aeleze amefanya nini, hiyo kwakweli inaniuma.

Sasa hiyo ya kunyonya kidogo anachoka analala, hapo ndio nimesimama. Karibu nusu ya watoto wenye Down wanazaliwa na tatizo la moyo, mara nyingi tundu, na lile baya zaidi ni tundu la katikati linalofanya vyumba vyote vinne vya moyo viwasiliane. Leo ukimnyonyesha mtoe kofia, muangalie. Jasho linamtoka kichwani? Mbavu zinaingia ndani akihema? Anafyonza mara tano sita anaachia titi kama mtu aliyepanda mlima? Midomo inabadilika rangi? Ukiona hata moja mpeleke leo leo, usipoona mpeleke wiki hii hii, na mtu akimwekea kile kipimo cha kusikilizia kifuani akasema sijasikia kitu, mshukuru halafu endelea kuomba, manake kuna matundu makubwa ambayo wiki za mwanzo hayapigi kelele yoyote. Kinachotakiwa ni ultrasaundi ya moyo, wenyewe wanaita eko. Anzia kliniki ya watoto Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, waambie mtoto ameonekana ana Down naomba apimwe moyo kwa eko, ikishindikana uandikiwe rufaa. Upasuaji wa moyo wa watoto unafanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili.

Kwanini nakukimbiza. Lile tundu kubwa kwa kawaida linazibwa mtoto akiwa na miezi 3 mpaka 6. Likiachwa, damu nyingi inasukumwa kwenye mapafu kila pigo, mishipa ya mapafu inakakamaa, na kwa watoto wenye Down inakakamaa mapema kuliko kwa wengine, ikishafika hapo hata bingwa hawezi tena kuliziba. Nilishapokea mtoto wa miaka minne, wazazi wake walizunguka naye kwa waganga wilaya tatu wakitafuta nani kamroga, alipofika kwetu kucha zake zimevimba kwenye ncha na rangi ni ya zambarau, anachuchumaa kila akitembea hatua kumi. Mama yake aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya waganga. Wale ng'ombe wangetosha nauli ya Dar kwenda na kurudi na hela ya kula. Sijawahi kumsahau.

Ulegevu ni sehemu ya hali yenyewe, misuli yao ni laini na ulimi unatoka nje, kunyonya ni kazi. Jaribu hivi: mkalishe wima kidogo usimlaze chali, shika titi kwa vidole vitatu vya chini, kile cha shahada na gumba viachie vishike mashavu ya mtoto taratibu, kidevu chake kipumzike hapo katikati, kisicheze. Akisinzia mpapase nyayo. Anaposhindwa kabisa kamua umpe kwa kikombe kidogo, maziwa yako ndio yaleyale. Na akitapika rangi ya kijani au tumbo likajaa hapati choo usisubiri asubuhi, wengine wanazaliwa utumbo umeziba au haufanyi kazi sehemu ya mwisho.

Mengine nakutajia haraka uyaandike nyuma ya kadi ya kliniki. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ipimwe kwa damu sasa hivi, akifika miezi 6, mwaka 1, halafu kila mwaka, manake ikilala na ubongo wa mtoto unalala, na dawa yake ni kidonge tu cha kila siku. Macho na masikio yapimwe. Picha ya damu nayo ipimwe. Chanjo zote kama watoto wengine, asikose hata moja. Na huko Uyole mwezi wa sita na wa saba najua baridi yenu, mfunike vizuri lakini jiko la mkaa lisiingie chumbani kwake, vifua vyao vinashika nimonia upesi. Atachelewa kukaa, atachelewa kutembea, wengi wanatembea karibu na miaka 2 na wengine wanafika hata 4, ukianza mazoezi ya viungo mapema utasaidia sana.

Mume wako aliyenyamaza mpe ukurasa huu asome mwenyewe, halafu aende na wewe hospitali.

Mama Nesi habari za kazi. Mimi ni baba wa watoto wawili hapa Makambako, wa pili ana Down. Mke wangu ana miaka 27, tunataka wa tatu ila anaogopa. Kilichonifanya niandike ni kwamba shangazi yangu naye alikuwa na mtoto wa hivi alishafariki, halafu dada yangu mimba tatu zimetoka. Je inatembea kwenye ukoo wetu?

Nzuri kaka. Wengi ningewajibu hapana, ukoo hauhusiki, lakini wewe hapo kwenye shangazi na dada umenipa kitu.

Kuna kundi dogo, watoto 3 au 4 kati ya 100 wenye Down, ambao kromosomu ya 21 ya ziada haikai peke yake, imegandishwa juu ya nyingine, mara nyingi namba 14. Mzazi anaweza kuwa ameibeba hiyo iliyogandishwa na yeye mzima kabisa, ukihesabu kromosomu zake utakuta 45 lakini mzigo wote umo, hakijapungua kitu cha maana. Shida inakuja akigawa, mara anatoa sawa, mara anatoa pungufu mimba inatoka, mara anatoa ya ziada mtoto anazaliwa na Down. Katika hilo kundi karibu theluthi moja wameipata kwa mzazi, waliobaki ilitokea tu kwao. Kwahiyo mimba za dada yako zinaweza kuwa na sababu nyingine kumi lakini zinaweza pia kuwa hiyo.

Cha kufanya, msianze kupimana nyie wakubwa. Mtoto ndio achukuliwe damu kwanza, kipimo cha kromosomu, hospitali ya rufaa watawaambia sampuli inapelekwa wapi, msikubali jibu la kumwangalia sura tu kwa sababu sura haiwezi kusema ni aina ipi. Majibu yakisema 47 za kawaida basi wa kwenu amepata kama wengine, nafasi ya wa tatu kuwa hivyo ni 1 kati ya 100 hivi, na nyie wala hamhitaji kupimwa. Yakisema imegandishwa ndio mnapima wawili nyie: akibeba mama ni watoto 10 mpaka 15 kati ya 100, akibeba baba inashuka chini ya 5. Upo mgando mmoja mzito, 21 juu ya 21, huyo anayeubeba watoto wake wote watakaozaliwa hai watakuwa na Down, ni nadra sana ila ndio sababu nyingine ya kutobahatisha. Ukigundulika ni wewe umebeba mwambie dada yako, ana haki ya kujua, na mwambie kwa upole.

Aina ya tatu ni ya mchanganyiko, baadhi ya seli zina 46 nyingine 47, ni mmoja au wawili kati ya 100. Hiyo hairithiwi. Na kuhusu ultrasaundi ya kawaida ya kliniki, inaweza kumtia daktari wasiwasi ila haithibitishi Down na haiondoi, mke wako akiambiwa "mtoto mzima" asije baadaye akadhani alidanganywa.

Ndaga fijo mwanangu kwa kazi yako. Mimi ni bibi wa Tukuyu, mjukuu wangu ana miaka 7 ana hiyo Down, mama yake yuko Dar anatafuta. Usiku anakoroma kama mtu mzima halafu analala ameinama mbele kichwa kwenye magoti, nikimlaza anarudi vilevile. Shule mwalimu anasema mkaidi, anaitwa haitiki. Nimpe dawa gani?

Shikamoo bibi, na ndaga fijo na wewe.

Huyo mtoto analala ameinama kwa sababu akilala chali njia ya hewa inaziba. Koo lao ni jembamba, ulimi mkubwa kwa mdomo wao, tonsili na nyama za puani zinakua zinabana. Kaa naye usiku mmoja na tochi usikilize, utamsikia anakoroma, ghafla kimya, unahesabu moja mbili tatu mpaka kumi, halafu anashtuka kama aliyetoka kwenye maji. Kila kimya ubongo unakosa hewa, mchana anakuwa mzito, hasira, hashiki somo. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo, sio dawa ya kupaka wala mafuta ya kuchua. Na huyohuyo daktari atamaliza kesi ya ukaidi, manake watoto hawa wengi hawasikii vizuri, ute unajaa nyuma ya ngoma ya sikio bila maumivu bila usaha, mtoto anaitwa hasikii anachapwa. Mwambie mwalimu amkalishe mbele na amwite akiwa anamwona uso. Macho pia yapimwe, zaidi ya nusu yao wanahitaji miwani au wana tatizo lingine la macho. Kama shule ya jirani ina kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu kaulizie, ila haki ya kusikia aipate kwanza.

Lingine bibi, samasoti za michezoni asipige. Mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo kwao inalegea, ikiteleza inabana uti wa mgongo. Ukiona ameanza kutembea vibaya ghafla, shingo inauma au imepinda, au anajikojolea wakati alishaacha, hospitali siku hiyohiyo. Na michubuko inayotokea bila kuanguka, kupauka na homa za kurudiarudia apimwe damu, saratani ya damu kwao inatokea mara 10 mpaka 20 zaidi ya watoto wengine, ingawa walio wengi hawaipati kamwe.

Binti yangu mwenye Down ana miaka 14 kavunja ungo, niko Mafinga. Watu wananiambia hawezi kupata mimba, ni kweli?

Sio kweli mama, anaweza. Wanaume wenye hali hii ndio mara nyingi hawazalishi, wanawake wanazaa, na karibu nusu ya mimba zao mtoto anaweza kuwa na Down pia. Mfundishe hedhi kwa vitendo, pedi mshikishe, mwezi baada ya mwezi atajua. Na mfundishe kwa majina halisi sehemu ambazo hakuna mtu anagusa, hata mjomba, hata jirani anayemletea pipi, na akikuambia kitu msikilize umuamini. Hao wanaosema hawezi kupata mimba wanamweka kwenye hatari.

Mama Nesi, mimi ni dada wa Iringa mjini. Kaka yetu ana Down ana miaka 38, siku zote yuko gengeni na mama, kazi yake kupanga nyanya mafungu ya tano tano na hakosei. Mama alifariki mwaka jana. Tangu hapo anapanga tatu, saba, anaacha, anakaa anaangalia ukuta, haogi mpaka asukumwe. Mtu mmoja kaniambia watu wa Down wanapata ule ugonjwa wa kusahau wa wazee. Ndio huo?

Pole sana dadangu, pole kwa mama.

Aliyekuambia hajakosea. Kwenye kromosomu ya 21 kuna jeni ya protini inayoganda kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzaima, ndio huo wa kusahau, kaka yako anazo nakala tatu badala ya mbili, na wakifika miaka 40 karibu wote ubongo una huo mgando hata kama dalili bado. Lakini dalili zenyewe mara nyingi zinaanza miaka ya 50 na kitu. Miaka 38 ni mapema, kwahiyo usikubali mtu aandike Alzaima kwenye kadi kabla hajatafuta vitu vinavyotibika. Thairoidi kwanza, ikishuka kwa mtu mzima inamfanya hivihivi, mzito, baridi, choo kigumu, hajali. Mtoto wa jicho kwao unakuja mapema, labda haoni nyanya vizuri. Masikio. Usingizi na kukoroma. Vitamini B12 nayo ipimwe.

Halafu kuna mama. Amekaa naye miaka 38 gengeni na siku moja hayupo, je kuna mtu alimkalisha akamwambia kwa maneno mepesi kwamba mama amekufa harudi? Mazishini alikuwepo au mlimpeleka kwa jirani asisumbue? Familia nyingi zinafanya hivyo kwa nia njema na mtu anabaki anasubiri. Mpeleke kaburini, mwache alie, mwonyeshe picha, mweleze tena na tena. Sonona kwao haisemi "nina huzuni", inakaa inaangalia ukuta, na ina dawa.

Marekani mwaka 1983 wastani wa maisha ya mtu mwenye Down ulikuwa miaka 25, leo ni kama 60, kwahiyo ana miaka ya mbele huyo na inafaa kupiganiwa. Hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Iringa waombe waanze na damu na macho. Nyanya usimnyang'anye, hata akipanga saba. Kaa pembeni yake upange fungu moja la tano aone, subiri, na andika kwenye daftari kila Jumamosi amepanga mangapi sawa, hilo daftari utaenda nalo kwa daktari.